Mwalimu Asiyejibu: Safari ya Mjadala wa Kisokrate

Mjadala wa Kisokrate, kwa maana inayotumika katika historia hii, ni mazungumzo ya watu wachache, aghalabu kati ya sita na kumi, wanaoketi pamoja kwa saa nyingi au hata kwa siku kadhaa kulitafutia jibu swali moja la kifalsafa, wakitegemea akili zao na mambo waliyoyapitia wenyewe, bila kukimbilia vitabu wala kauli za wakubwa wa elimu. Ingawa jina lake humrudisha msomaji katika mji wa Athens wa karne ya 5 kabla ya Kristo, utaratibu wenyewe ni mchanga kuliko jina: ulibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ukalelewa ndani ya kikundi kidogo cha kisiasa chenye nidhamu kali, ukafuatana na wakimbizi hadi Denmark na Uingereza, kisha ukarejea kwao baada ya Vita Vikuu vya Pili ukiwa umebadilika tabia. Wengi wanaousimulia leo hupenda kuusifu kama tunda la uhuru wa kusema, lakini ukifuatiliwa hatua kwa hatua unaonekana kuwa umejengwa kwanza kwa vizuizi, na kizuizi cha awali kabisa kiliwekwa mdomoni mwa mwalimu.

Socrates, aliyezaliwa karibu na mwaka 470 na kuuawa kwa hukumu ya mahakama mwaka 399 kabla ya Kristo, hakuandika chochote. Habari zake zimehifadhiwa na wengine, hasa wanafunzi wake Plato na Xenophon, na kwa njia ya dhihaka na Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha. Plato na Xenophon wanakubaliana kwamba hakutoza ada, na kwamba aliwafuata watu kulekule walikokuwa: kwenye viwanja vya mazoezi, karamuni, na katika agora, yaani uwanja wa katikati ya mji ambao ulikuwa soko na makao ya shughuli za umma kwa pamoja. Diogenes Laertius, mwandishi wa karne ya 3 baada ya Kristo, anamtaja fundi viatu aitwaye Simon, ambaye Socrates alizoea kumtembelea dukani, naye fundi akiandika aliyoyakumbuka katika mazungumzo yao. Katikati ya karne ya 20 wanaakiolojia walifukua, kando ya jiwe la mpaka wa agora, nyumba ambayo ndani yake mlikuwa na misumari mingi midogo ya chuma ya kugongea soli, pete za mfupa za kupitishia kamba za viatu, na kipande cha kitako cha kikombe kilichochorwa jina la Simon. Kama fundi huyo ndiye yule wa Diogenes ni suala ambalo wataalamu hawajalimaliza. Hata hivyo misumari ile inatosha kuonyesha aina ya mahali ambapo Wagiriki waliofuata walidhani falsafa ilifanyika, na mahali hapo si ukumbi wa mihadhara.

Katika maandishi ya Plato, Socrates hujifananisha na mama yake Phaenarete, aliyekuwa mkunga. Mkunga hamzalii mzazi; humsaidia kujifungua, kisha humkagua mtoto aone kama ni mzima. Vivyo hivyo Socrates alidai kwamba yeye mwenyewe hana hekima ya kuzaa, bali kazi yake ni kuwasaidia wengine kuyatoa mawazo waliyoyabeba na kuyapima kwa maswali. Dai hilo ni zuri, lakini anayesoma majadiliano ya Plato kwa makini atagundua kwamba mkunga huyu mara nyingi husema kuliko mzazi. Katika mazungumzo yanayojulikana kwa jina la Meno, mtumwa kijana asiyewahi kufundishwa jiometri anaongozwa hadi atambue jinsi ya kuchora mraba wenye eneo maradufu ya mraba wa kwanza, na Socrates anatangaza kwamba kijana ametoa ujuzi huo ndani yake mwenyewe, ilhali majibu mengi ya kijana ni ndiyo na hapana kwa maswali ambayo tayari yamebeba jibu. Kasoro hiyo iliachwa bila kushughulikiwa kwa karne nyingi, kwa sababu vyuo vilivyomheshimu Socrates vilimheshimu kama mtu wa kusomwa. Ufundi wake ulifundishwa kwa mihadhara, na ni vigumu kufikiria namna ya kumheshimu iliyo mbali naye zaidi ya hiyo.

Aliyeikamata kasoro hiyo ni Leonard Nelson, aliyezaliwa Berlin mwaka 1882 katika ukoo wa wasomi, baba yake akiwa mwanasheria na mama yake akitoka katika kizazi cha mwanafalsafa wa Kiyahudi Moses Mendelssohn. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1904, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakafufua jarida la wafuasi wa Jakob Friedrich Fries, mwanafalsafa wa mwanzoni mwa karne ya 19 aliyekuwa karibu kusahauliwa. Göttingen wakati huo ilikuwa mojawapo ya makao makuu ya hisabati duniani, na mwanahisabati mashuhuri David Hilbert ndiye aliyempigania Nelson dhidi ya wanafalsafa wa chuo hichohicho waliokuwa hawamtaki. Alipata idhini ya kufundisha mwaka 1909, na mwaka 1919 akapewa uprofesa wa daraja la chini. Urafiki huo na wanahisabati haukuwa wa bahati tu. Nelson alitaka falsafa iwe na ukali wa hisabati, na aliwadharau waziwazi wale walioigeuza kuwa historia ya maoni ya watu waliokufa.

Kutoka kwa Fries alichukua fundisho kwamba akili ya kila binadamu tayari inabeba misingi ya ujuzi, ila misingi hiyo imefunikwa: mtu huitumia kila anapotoa hukumu, bila kujua kwamba anaitumia. Anayesema kwamba mgawanyo fulani wa urithi ni wa dhuluma ametumia kanuni ya haki, hata kama akiulizwa kanuni hiyo ni ipi atababaika. Kwa sababu hiyo, Nelson alishikilia kwamba falsafa haiwezi kuanza kwa fasili na kanuni kisha ikashuka, kama jiometri inavyofanya, bali ianze na hukumu ambayo watu wameitoa kweli juu ya jambo lililotokea kweli, kisha irudi nyuma ikiuliza ni nini kilichodhaniwa ndipo hukumu hiyo ikawezekana, na nini kilichodhaniwa nyuma ya hicho, mpaka ifikie msingi usio na msingi mwingine chini yake. Mwendo huu wa kurudi nyuma ndio uti wa mgongo wa mbinu yake. Unategemea sharti moja ambalo yeye alilitaja kuwa ni akili kujiamini, yaani mtu kuamini kwamba akitafuta kwa uaminifu, akili yake mwenyewe inaweza kuufikia ukweli bila kupokea idhini ya mwingine.

Tarehe 11 Desemba 1922, mbele ya chama cha elimu cha Göttingen, Nelson alitoa mhadhara juu ya mbinu ya Kisokrate, ambao ulichapwa mwaka 1929, baada ya kifo chake. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mbinu hiyo hufundisha kufalsafu, nayo haina haja ya kufundisha falsafa kama shehena ya mafundisho. Hutaka kumfanya mwanafunzi awe mwanafalsafa badala ya kumfanya mjuzi wa wanafalsafa. Kwa kuwa kila jibu la mwalimu, na hata ishara ya uso wake, humfundisha mwanafunzi kusubiri, mwalimu alipaswa kutojibu kabisa. Mwanafunzi akimuuliza, mwalimu alimrudishia swali, au aliligawia darasa lote. Alichoruhusiwa kufanya ni kuuliza jibu lililotolewa linahusu nini katika swali lililopo, kumtaka msemaji aseme tena kwa sauti kubwa zaidi, kuuliza nani ameelewa na anaweza kurudia alichosema mwenzake, na kumkumbusha aliyekwisha kubadili msimamo kimyakimya kwamba dakika chache kabla alisema kinyume. Waliozoea mihadhara waliona utaratibu huu kama adhabu. Nelson mwenyewe alikiri kwamba wanafunzi hupitia kipindi kirefu cha kuchanganyikiwa, na kwamba wengi huondoka kabla ya kipindi hicho kwisha. Alihesabu hilo kuwa gharama ya lazima, na hapana shaka tabia yake isiyobembeleza iliongeza gharama hiyo.

Ili mwendo wa kurudi nyuma ueleweke, chukuliwe mfano wa kubuni wa aina inayotumika katika mijadala hii. Kikundi kina swali hili: ni lini mtu ana haki ya kumficha mwenzake ukweli? Mshiriki mmoja anaeleza kwamba kazini kwake mkuu wa idara alimdokezea kwa siri kwamba mfanyakazi fulani angepunguzwa mwishoni mwa mwezi, na siku mbili baadaye mfanyakazi huyo akamwambia, wakiwa wamesimama ngazini, kwamba anakwenda benki kutia saini mkopo wa kujenga nyumba. Msimuliaji alinyamaza, na anasema alikosea kunyamaza. Kikundi hakipewi nafasi ya kurukia nadharia. Kinauliza kwanza maelezo: siri ilitolewa kwa maneno gani, msimuliaji aliahidi au alisikiliza tu, mkopo ungeweza kuahirishwa? Majibu yanaandikwa ubaoni. Kisha hukumu yenyewe inafukuliwa. Mmoja anasema alikosea kwa sababu madhara yalikuwa makubwa. Mwingine anauliza kama angekuwa hana kosa iwapo mkopo ungekuwa mdogo. Wa tatu anasema kosa halikuwa katika kiasi cha hasara, bali mwenzake alikuwa anaamua jambo lake mwenyewe akiwa amenyimwa kile alichohitaji ili aamue. Hapo ndipo kikundi kinapoanza kugusa kanuni ambayo hakuna aliyeileta kutoka nyumbani, na ndipo kazi ngumu inapoanza, kwa kuwa sentensi iliyoandikwa ubaoni sharti ikubaliwe na kila mmoja, akiwamo yule anayeona kwamba siri ya mkuu wa idara nayo ilikuwa na haki yake. Kufikia hapo huenda saa 4 zimepita.

Inafaa isemwe kwamba mtu aliyebuni utaratibu huu wa kuwapa wote nafasi sawa ya kufikiri hakuwa muumini wa demokrasia. Nelson aliamini kwamba ukweli wa maadili upo na unaweza kujulikana, na kwamba kwa hiyo haki haiwezi kuamuliwa kwa kuhesabu kura; dola, kwa maoni yake, ilipaswa kuongozwa na wale walioelimishwa kuijua haki. Mwaka 1917, vita ikiendelea, yeye na mwalimu Minna Specht walianzisha umoja wa kimataifa wa vijana, na wanachama wake walipotimuliwa katika Chama cha Kidemokrasia cha Kisoshalisti cha Ujerumani mwaka 1925, waliunda chama chao, Umoja wa Kimataifa wa Mapambano ya Kisoshalisti, ambao ulijulikana kwa herufi ISK. Kilikuwa chama cha watu mia chache tu. Mwanachama alipaswa kuacha pombe na tumbaku, kutokula nyama, na kujitoa kanisani, na uongozi haukupatikana kwa kura. Msomaji wa leo huenda akaona hapa ukinzani usiosameheka, kwamba chumba cha mjadala hakina mkubwa ilhali chama kina amiri. Nelson hakuuona, kwa kuwa kwake yote mawili yalitoka katika imani ileile kwamba ukweli ni mmoja: ndani ya chumba mwalimu hunyamaza kwa sababu ukweli utajitokeza wenyewe, na nje ya chumba wengi wanyamaze kwa sababu umekwisha jitokeza. Wanafunzi wake walihitaji miaka 30 na msiba mkubwa ili kuzitenganisha sehemu hizi mbili.

Mahali pa kulea viongozi hao palikuwa Walkemühle, kinu cha zamani karibu na mji mdogo wa Melsungen katika jimbo la Hesse, kilichogeuzwa shule ya bweni chini ya uongozi wa Minna Specht na kusaidiwa na Akademia ya Falsafa na Siasa ambayo Nelson aliianzisha mwaka 1922. Shule ilikuwa na idara mbili, moja ya watoto na nyingine ya watu wazima, na katika hii ya pili vijana wa tabaka la wafanyakazi walikaa pamoja na wenye shahada wakajadili haki, uchumi na hisabati kwa mbinu ya Kisokrate. Hapo kwa mara ya kwanza mbinu hiyo ilitoka mikononi mwa wanafunzi wa chuo kikuu, na watu ambao hakuna aliyetarajia wafanye falsafa walitakiwa waifanye kila siku, kwa bidii ileile waliyoitoa katika kazi za mikono za shule. Nelson, ambaye usingizi ulimpa taabu maisha yake yote na aliyezoea kufanya kazi usiku, alikufa kwa kichomi mjini Göttingen mwezi Oktoba 1927, akiwa na umri wa miaka 45. Uongozi wa chama ulichukuliwa na Willi Eichler, aliyekuwa katibu wake, ambaye hakuwa msomi wa chuo kikuu.

Mwaka 1931 idara ya watu wazima ilifungwa ili walimu na wanafunzi wake wawe huru kupambana na Wanazi. Mwaka uliofuata chama kilitoa wito wa dharura wa kuwataka wasoshalisti na wakomunisti waungane katika uchaguzi wa Julai, nao ulitiwa saini na watu mashuhuri kama Albert Einstein, msanii Käthe Kollwitz na mwandishi Heinrich Mann. Wito haukusikilizwa. Mwaka 1933 Walkemühle ilivamiwa na wanamgambo wa Kinazi na kunyang'anywa, na chama kikaingia chini kwa chini, ambako nidhamu yake, iliyokuwa imechekwa na wengi, ilikisaidia kudumu kuliko vyama vikubwa. Wanachama walifungua migahawa isiyouza nyama katika miji kadhaa, ambayo iliwapa fedha na mahali pa kukutania, na mwezi Mei 1935, usiku wa kuamkia siku ambayo Hitler angezindua barabara kuu kati ya Frankfurt na Darmstadt, waliandika maneno ya kumpinga kwenye barabara yenyewe na madaraja yake. Wengi walikamatwa baadaye, na baadhi yao walilipa kwa uhai wao.

Specht aliwahamishia watoto Denmark, akafuatana na walimu wachache, na shule ikaendelea huko hadi mwaka 1938, hatari ilipokaribia mno. Kisha ikahamia Wales, na baadaye karibu na Bristol nchini Uingereza. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliwaweka Wajerumani kizuizini kama raia wa nchi adui, bila kutofautisha sana wafuasi wa Hitler na waathirika wake, na shule ikafa. Specht alifungiwa katika Kisiwa cha Man. Mwaka huohuo waliobaki nje walisajili Uingereza chama cha kuendeleza falsafa ya uhakiki, jina walilolipa urithi wa Kant, Fries na Nelson, na chama hicho kipo hata sasa. Miongoni mwa watoto waliosoma Denmark alikuwemo Rene Saran, ambaye miaka mingi baadaye, akiwa mwanazuoni wa elimu nchini Uingereza, alikuwa mmoja wa walioifanya mijadala ya Kisokrate ijulikane katika nchi hiyo.

Waliorudi Ujerumani baada ya 1945 walikuta nchi ambayo neno kiongozi limeoza. Chama cha ISK kilivunjwa na wanachama wake wakaingia katika chama kikubwa cha kisoshalisti kilichowafukuza miaka 20 iliyotangulia. Eichler akawa mmoja wa waandishi wakuu wa programu yake ya Godesberg ya mwaka 1959. Akademia ilifufuliwa mwaka 1949. Kwa upande wa fikra, hesabu na Nelson ilifanywa hasa na Grete Henry-Hermann, mwanahisabati aliyekuwa mwanafunzi wa Emmy Noether na msaidizi wa Nelson, ambaye mwaka 1935 alichapisha kazi juu ya misingi ya fizikia ya kwanta baada ya kujadiliana kwa kirefu na Werner Heisenberg mjini Leipzig. Alikuwa amejifunza katika fizikia kwamba dhana zinazoonekana kuwa za lazima kwa akili huenda zikawa na mipaka, na akaona kwamba madai ya Nelson ya kuwa na misingi ya maadili iliyothibitishwa milele hayawezi kusimama yalivyo. Aliiongoza akademia kwa miaka mingi kuanzia 1961.

Kwa upande wa mjadala wenyewe, kazi ilimwangukia Gustav Heckmann. Alizaliwa mwaka 1898, akasoma fizikia Göttingen chini ya Max Born, akafundisha Walkemühle, akaenda uhamishoni na Specht, akaonja kizuizi cha Waingereza, na mwaka 1946 akawa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Hannover. Wanafunzi wake walikuwa vijana waliokuwa wakijiandaa kufundisha shule za msingi, wasio na azma ya kuwa wanafalsafa, na wengi wao wamelelewa chini ya utawala uliowafundisha kutii. Kwao Heckmann aliushika ukimya wa mwalimu na akauongezea ukali, ila alibadilisha sababu yake. Nelson alinyamaza akijua jibu. Heckmann alitaka anayeongoza mjadala akubali kwamba jibu lake mwenyewe halina daraja lolote juu ya majibu ya washiriki, na kwa hiyo akipendelea upande katika swali fulani, ni afadhali aache kuliongoza swali hilo.

Kipimo cha mafanikio nacho kilihama. Badala ya ukweli usiopingika, Heckmann alizungumza juu ya mwafaka, akimaanisha sentensi ambayo kila mshiriki, baada ya kutoa mashaka yake yote, hana tena sababu ya kuikataa kwa wakati huo. Mwafaka huo si kura, kwa kuwa mtu mmoja mwenye shaka anatosha kuuzuia, wala si maafikiano ya kuvumiliana. Tena ni wa muda, kwani shaka mpya huweza kuufungua kesho. Ili kuulinda, anayeongoza alipaswa kuhakikisha kwamba washiriki wanaelewana kweli kabla ya kukubaliana au kupingana, kwamba swali linalojadiliwa kwa dakika hiyo linajulikana kwa wote, na kwamba hakuna anayeelea hewani bila mfano. Kumbukumbu za kila kikao ziliandikwa na mmoja wa washiriki na kuwekwa mbele ya wote kabla ya kikao kilichofuata.

Nyongeza yake kubwa kuliko zote ni mjadala juu ya mjadala. Mshiriki yeyote angeweza kuomba hoja isimamishwe na kikundi kijitazame: nani anasemeshwa zaidi, nani amekata tamaa, je, anayeongoza amemsukuma mtu pembeni? Kikao hicho kiliongozwa na mtu mwingine, ili kiongozi wa kawaida aweze kulaumiwa kama wengine. Katika mfumo wa Nelson malalamiko ya namna hiyo yangehesabiwa kuwa udhaifu wa mlalamikaji. Kwa Heckmann yalikuwa sehemu ya kazi, maana mtu aliyekasirika au aliyeona haya huacha kufikiri muda mrefu kabla ya kuacha kuketi. Uzoefu wake wote aliuweka katika kitabu alichokichapisha mwaka 1981, akiwa na zaidi ya miaka 80, na wakati huo tayari alikuwa ameanza kuwaandaa wengine kuongoza. Mwaka 1994 walioandaliwa hivyo waliunda chama chao cha kufalsafu kwa njia ya Kisokrate, na Uholanzi nako wanafalsafa kama Jos Kessels wakaupeleka mjadala ndani ya makampuni na taasisi, wakiufupisha hadi siku moja au mbili, jambo ambalo Wajerumani wengi walilitazama kwa jicho la wasiwasi.

Wakati Wajerumani wakijadili kama siku mbili zinatosha, Paris ilikuwa imeamua kwamba saa mbili zinatosha. Mwaka 1992 Marc Sautet, mtaalamu wa falsafa ya Nietzsche, alianza kukutana na marafiki kila Jumapili asubuhi katika mkahawa wa Café des Phares, kwenye uwanja wa Bastille, na habari zilipofika redioni watu wasiomjua walianza kumiminika. Mada ilipendekezwa palepale na waliohudhuria, Sautet akachagua mojawapo, kipaza sauti kikaanza kuzunguka kati ya meza na vikombe vya kahawa, na muda si muda mikahawa ya aina hiyo ikaenea Ufaransa na nje yake. Mafanikio hayo hayakanushiki, kwa kuwa hakuna utaratibu mwingine uliowaingiza watu wengi hivyo katika falsafa bila ada wala usajili. Lakini mkahawa wenye watu 100 hauna jinsi ya kuwataka wote wakubali sentensi moja, wala ya kumrudisha kila msemaji kwenye mfano. Aliyeomba nafasi dakika 20 zilizopita hupewa kipaza sauti wakati hoja aliyotaka kuijibu imekwisha sahauliwa. Anayeongoza, naye, akiwa mbele ya umati unaongoja mwangaza, hujikuta akitoa muhtasari, akifafanua, akimtaja Kant, na kwa njia hiyo mhadhara hurudi kwa mlango wa nyuma.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuusoma mkahawa wa Paris bila kuifikiria baraza ya pwani, na ulinganisho huo umeshafanyiwa utafiti: Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya kufalsafu Mombasa, aliyachukua mazungumzo ya barazani katika Mji wa Kale kuwa mahali halisi pa fikra, pamoja na tungo za Ahmad Nassir juu ya utu na mawaidha ya Sheikh Abdilahi Nassir. Kabla yake, kuanzia miaka ya 1970, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wazee wenye hekima vijijini, miongoni mwao Paul Mbuya Akoko, akiwabana kwa maswali ili kuonyesha kwamba wasioandika nao huihakiki mila yao wenyewe, na alikuwa na haki ya kukumbusha kwamba Socrates naye hakuandika. Hata hivyo lisilazimishwe kuwa jambo moja. Baraza ina umri, nasaba na heshima zake, na hakuna anayetarajia sharifu au mzee anyamaze ili kijana afikiri; mahojiano ya Oruka yalikuwa ya watu wawili, na aliyeuliza alikuwa msomi. Kile kilichobuniwa Göttingen na kurekebishwa Hannover, yaani mkubwa kujizuia kwa makusudi, hakimo katika lolote kati ya hayo mawili, kama ambavyo kwa kiasi kikubwa hakimo Bastille.

Heckmann alikufa mwezi Juni 1996, akiwa na umri wa miaka 98. Mwaka huohuo Christopher Phillips alianzisha New Jersey, Marekani, mikutano aliyoipa jina la mkahawa wa Socrates, na baada ya kitabu chake cha mwaka 2001 ikaenea katika maktaba, nyumba za wazee, shule na magereza, ikiongozwa na yeyote aliye tayari. Sautet alikufa mwaka 1998, na vikao vya Jumapili vikaendelea kwa waongozaji kupokezana. Kwa Wajerumani, anayetaka kuongoza huketi kwanza kama mshiriki wa kawaida katika mijadala kadhaa, kisha huongoza chini ya macho ya mzoefu, na kosa analokemewa zaidi ni lile la kumsaidia mshiriki kumalizia sentensi. Wiki za mijadala huendelea kufanyika, kikundi kimoja, swali moja, na siku kadhaa za kulishughulikia. Hutokea wiki ikaisha washiriki wakiwa bado wanabishana juu ya mfano waliouchagua siku ya kwanza, na kumbukumbu za vikao huandika hivyo bila haya.